Pointi ninazo, kiti sina

Miaka nenda rudi nimekusanya pointi za ndege, zile shirika linazokupa ukisafiri ili uje uzibadilishe na tiketi, kama kuku adonoavyo punje, moja moja. Ikaja korona mwaka 2020, mipaka ikafungwa. Baadaye safari zikarudi kidogo kidogo, nikajisemea: ndege zinaruka nusu tupu, kiti cha pointi sasa nitakipata kirahisi. Thubutu! Safari zenyewe zilikuwa mbili kwa wiki, na viti vya pointi vya kuhesabu, tena vya kuunganisha viwanja vitatu vya ndege. Kila kiwanja kilikuwa na masharti yake: huku cheti cha PCR, kile kipimo cha korona, kisizidi saa 72, kule hata abiria wa kupita tu hawakumtaka.

Usiku mmoja wa manane nikakiona kimoja. Nikabonyeza, kiduara kikazunguka, kikazunguka weee... "Kiti hakipatikani tena." Kalenda nzima kijivu. Kiti hichohicho kwa kulipia? Kipo, tele!

Na hiyo wanayoiita bure (bure gani?) ina kodi na tozo ya mafuta ya kukutoa jasho.

Asubuhi yake, barua pepe: pointi zako zinakaribia kuisha muda, zitumie. Nizitumie kwenda wapi, jamani?