Kwacha ni kwacha

Kwanza mnielewe, mi kwa bajeti siyumbi. Nina steshenari hapa Uyole, na mtu anayeuza kopi moja shilingi mia anajua hela inavyopatikana, mashine ikimeza karatasi tatu tu faida ya asubuhi imeondoka. Kwa hiyo Mama Eli alipoanza lile lalamiko lake la miaka yote, kwamba wenzetu wanaenda mbugani sisi tunaenda misibani tu, sikukurupuka. Nilichukua daftari.

Serengeti nikaifuta siku hiyohiyo, kutoka Mbeya ni kuvuka nchi nzima. Nikachukua ramani ya dukani, ile tunawauziaga wanafunzi, nikapima na rula, nikakuta hifadhi ya Nyika kule Malawi ni kama kilomita 200 tu, yani kwa rula ni karibu kuliko Iringa. Nikasoma habari zake nikachanganyikiwa. Hifadhi kubwa kuliko zote Malawi, kilomita za mraba zaidi ya 3,100, uwanda wa majani huko juu zaidi ya mita 2,000, pundamilia, swala korongo, maua ya okidi, na unaruhusiwa kutembea kwa miguu na askari wa wanyama badala ya kukaa kwenye gari kama mzigo. Halafu ni nje ya nchi. Hapo ndo nilipoamua. Jirani yangu alishaenda Zambia mara moja kununua sabuni mpaka leo anaanza sentensi na "tulipokuwa Zambia."

Sasa bajeti ya nje inataka hela ya nje, na Malawi wanatumia kwacha. Mi kwacha namjua nani? Mtoto wa shangazi yangu yuko Tunduma, anauza spea za pikipiki, kila siku anashika kwacha. Nikampigia. Kaka, kwacha inaendaje? Akasema leo mia na vijisenti, yani kwacha moja shilingi mia na kidogo. Nikamuuliza ugali na samaki kwacha ngapi, akasema hamsini, sitini. Lodge ya kawaida? Mia tatu mpaka mia nne. Nikawa naandika tu. Nikamuuliza mara moja, nataka mnielewe vizuri, NILIMUULIZA, hizi ndo zinazotumika na kule? Akanijibu, kaka, kwacha ni kwacha.

Bas. Nikamtumia laki sita kwa simu, yeye akanunua kwacha elfu tano mia saba, akazifunga kwenye bahasha, bahasha kwenye boksi la biskuti, boksi likaja na konda wa basi. Bahasha imezungushiwa selotepu kama maiti ya Misri. Nikaipima uzito kwa mkono, nikaiweka kabatini, nikamwambia Mama Eli hela ya safari haiguswi wala haichunguliwi mpaka tuvuke mpaka, maana namjua, na najijua. Bajeti nikaichapa kwenye kompyuta, safu ya chakula, safu ya malazi, safu ya dharura asilimia kumi, nikaitoa kopi mbili nikaifanyia laminesheni. Mtu na mkewe kila mmoja na yake. Mstari wa saba uliandikwa "Basi, Rumphi mpaka Chelinda, kwacha 80," yani kutoka mjini mpaka kambini ndani ya hifadhi. Kumbukeni huo mstari.

Tukaondoka mwezi wa nane 2024. Tumepanda Kosta ya Kyela asubuhi na baridi lile la Uyole, mi nimevaa koti la baba, shingoni darubini ya kuazima. Tulipofika Isyonje Mama Eli akanigusa.

"Baba Eli, si ndo njia ya Kitulo hii?"

Nikasema ndiyo.

"Si kuna maua Kitulo? Si ndo wanaita Bustani ya Mungu?"

Nikamwambia, mama, mwezi wa nane Kitulo hakuna maua, yale ni ya masika, sasa hivi ni nyasi kavu na upepo. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa, mtu ninayesafiri mwezi huohuo wa nane kwenda kuangalia maua kwenye mlima mwingine wa mvua zilezile. Sijui nilidhani maua ya nje ya nchi yana kalenda yake.

Njia panda ya Kasumulu tukashuka, bodaboda mpaka mpakani, karatasi zetu zikagongwa, tukavuka daraja la mto Songwe kwa miguu. Aisee nilijisikia. Nikamwonyesha Mama Eli simu, saa imerudi nyuma yenyewe, maana Malawi wako nyuma yetu saa nzima. Nikamwambia unaona, tumefika kabla hatujaondoka. Niwaambie kabisa, hiyo saa moja ndo kitu pekee nilichoongezewa safari nzima.

Jua la kule chini si la Uyole. Koti la baba likaanza kunipika. Mama Eli akasema maji. Kuna mama ameweka beseni la chupa chini ya mwembe, nikamuuliza maji bei gani, Kiswahili anajua safi tu kama watu wengi wa pale, akasema elfu moja.

Nikadhani sijasikia. Elfu moja kwacha? Ndiyo baba, kwacha elfu moja.

Nikasogea pembeni nikatoa simu, nikafungua kalikuleta, elfu moja mara mia. Laki moja. Nikaifuta nikapiga tena, labda nimezidisha sifuri. Laki moja. Chupa ya maji ya nusu lita, laki moja! Nikarudi kwa Mama Eli nikamwambia kwa sauti ya chini, tuvumilie kiu, nchi hii imeharibika.

Akaja kijana wa kabaza, ndo wanavyoita baiskeli za kubeba abiria. Mpaka kwenye magari ya Karonga shingapi? Elfu mbili kila mmoja. Laki mbili! Kwa laki mbili mimi nyumbani napewa baiskeli yenyewe na pampu juu. Nikamwambia kijana, wewe, hiyo baiskeli inapaa? Akanishangaa. Tukatembea. Begi kichwani, koti begani, darubini inanigonga kifuani kila hatua, nyuma Mama Eli anasoma bajeti yake ya laminesheni huku anajipepea nayo. Akasoma kwa sauti, "Maji, chupa nne kwa siku, kwacha 20." Akanyamaza. Hatua kumi. "Dharura, asilimia kumi." Akanyamaza tena. Ningependa angetukana.

Kwenye magari harufu ya chipsi ikatumaliza. Wanazikaanga kwenye chuma kipana juu ya moto, wanaita chiwaya, unawekewa na kabichi mbichi na chumvi nyingi. Sahani? Elfu mbili na nusu. Mi kichwani nishaona laki mbili na nusu, ng'ombe anaanza kuonekana kwa mbali. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia yule mama wa chipsi, hivi nyie wenyewe mnaishije? Mi nina elfu tano mia saba ya siku nne watu wawili!

Walicheka kwanza madereva. Mama wa chipsi hakucheka, alinionea huruma, na hiyo iliuma zaidi. Akasema baba, elfu tano mia saba ni sahani mbili, na chenji haifiki hata hayo maji unayoyaogopa.

Magoti yakaisha nguvu. Laki sita nzima ya steshenari, ni kopi elfu sita zile, imekuwa chipsi? Nikakaa juu ya begi nikaanza kuichana ile bahasha na meno, selotepu inavutika haikatiki, watu wameshajaa wananiangalia. Ikafunguka. Nikatoa noti ya mia mpya kabisa nikampa yule mama, nikasema nipe za hii hata vipande vitatu.

Akaiangalia. Akaigeuza. Akamwonyesha mwenzie.

"Baba, huyu ndege."

Kweli, tai. Upande wa mbele tai mkubwa, nyuma jamaa ameinua mikono juu amekata mnyororo. Dereva mmoja akatoa za kwake akaniwekea pembeni, kwenye zao kuna watu, elfu moja ana mzee Banda, rais wao wa kwanza, mia tano ana Chilembwe, mchungaji aliyeongoza maasi dhidi ya Waingereza 1915. Hakuna ndege hapo. Mama Eli akaichukua ile noti ya tai mkononi mwangu, akaisogeza karibu na macho kama anasoma maelekezo ya dawa.

"Baba Eli, imeandikwa Zambia."

Imeandikwa kwa herufi kubwa kabisa. Na kweli, Tunduma ni mpakani na Zambia, si na Malawi. Kumbe hizi nchi mbili zote hela yao ni kwacha, neno lenyewe maana yake kumekucha, ila ya Zambia walishaikata sifuri tatu mwaka 2013 ndo maana moja ni shilingi mia na kitu, na ya Malawi moja haifiki hata shilingi mbili. Yale maji ya laki hayakufika hata shilingi elfu mbili. Nimetembea juani kilomita na begi kichwani kwa kukataa baiskeli ya bei ya bodaboda.

Kwa sekunde chache nikafurahi, kwamba hela yangu ni nzima haijawa chipsi. Ila ni nzima Zambia. Kijana wa kubadilisha hela akasema atanisaidia, kila kwacha ya tai atanipa shilingi arobaini. Nikamkatalia kwa heshima, njaa sawa, wizi hapana.

Hapo ndo Mama Eli akamsalimia yule mama wa chipsi Kinyakyusa. Ugonile. Yule mama akaitikia ndaga bila kushtuka, maana Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wetu lugha ni kama ndugu, na kumbe muda wote ule mi nahangaika na kalikuleta mke wangu angeweza kuuliza. Wakaongea, wakacheka, wakaniangalia, wakacheka. Kisha Mama Eli akageukia ukuta, akafungua kanga ya ndani, akatoa shilingi laki moja na nusu. Hela ya kikoba. Haikuwepo kwenye safu yoyote ya bajeti yangu. Akabadilisha, akapewa bunda la mzee Banda ambalo halikuingia kwenye pochi, akanihesabia elfu tano.

"Hii yako ya matumizi."

Tukala chipsi, tukafika Karonga, tukapata gesti. Jioni nikamuuliza dereva habari ya basi la Rumphi kwenda Chelinda, mstari wa saba. Akasema basi gani? Huko juu hakuna basi, watu wanakodi gari la kupanda milima. Nikauliza bei, akaitaja, Mama Eli akasema asante tunarudi kesho.

Kesho yake kabla ya kuondoka akanihurumia, akasema umeahidi wanyama, tutafute hata mmoja. Pale Karonga kuna makumbusho, tukaingia, na humo ndani kuna mnyama kweli, shingo ndefu mpaka darini, Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa maeneo hayohayo, amekufa miaka zaidi ya milioni mia iliyopita. Mifupa yenyewe ni ya kutengenezwa, wameifananisha na ile halisi. Nikavaa darubini ya watu nikamwangalia hivyohivyo, maana nilishaibeba.

Tumefika Uyole usiku, sijavua hata koti, simu ikaita. Mtoto wa shangazi.

"Kaka, mmerudi? Vipi, zile kwacha zilitosha?"

Nikaangalia bahasha mezani, selotepu inaning'inia.

"Zimebaki zote."

Akapiga mluzi. "Aisee kaka, wewe kwa bajeti we ni noma."