Askari wetu Nangade: wabaki kwa masharti gani?

Ujumbe wa kijeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, uliopelekwa Msumbiji kupambana na waasi wa jimbo la Cabo Delgado na kujulikana kwa kifupi kama SAMIM, ulifikia ukomo wake Julai 2024 baada ya miaka mitatu, na nchi nyingi zilizochangia askari zikaondoa vikosi vyao. Tanzania haikuondoka. Kwa makubaliano ya nchi mbili, wanajeshi wa JWTZ walibaki katika wilaya ya Nangade, jimboni humo, ng'ambo ya Mto Ruvuma ukitokea Tandahimba na Nanyamba. Hoja ya kuwabakiza au kuwarudisha inastahili kujadiliwa waziwazi, hasa na sisi wa Mtwara, ambao vita hiyo imekwisha kutufikia nyumbani.

Ilitufikia Kitaya. Oktoba 2020, wapiganaji wa uasi huo walivuka mto usiku, wakaua watu na kuchoma nyumba katika kijiji ambacho wakazi wake walizoea kuvuka kwenda kulima ng'ambo na kurudi jioni, kwa kuwa ardhi ya bonde hilo ina rutuba pande zote mbili. Ruvuma ni mpaka kwenye ramani, lakini kiangazi maji yanapopungua mchanga hujitokeza katikati ya mto, na mtu mwenye mtumbwi au anayejua mahali pa kukanyaga hahitaji daraja wala kivuko. Kulinda mpaka wa namna hiyo ukiwa umekaa upande mmoja tu ni kazi ngumu mno. Adui anayepanga mambo yake Nangade akijua kwamba hakuna atakayemfuata huko huchagua mwenyewe siku ya kuvuka. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote kwa upande wa kubaki, na sijasikia jibu la kutosha kutoka kwa wanaotaka askari warudi mara moja.

Ipo pia hoja ya gesi. Shambulio la Machi 2021 katika mji wa Palma, Cabo Delgado, lilisimamisha mradi wa gesi wa kampuni ya TotalEnergies wenye thamani ya takribani dola bilioni 20, na Palma haiko mbali na visima vyetu vya Mnazi Bay. Mradi wa gesi tunaousubiri Likong'o, Lindi, nao utahitaji wawekezaji wanaoamini kwamba ukanda huu una utulivu.

Wengine huongeza historia: FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakapata mafunzo Nachingwea, kusini mwa Tanzania, na Naliendele kuna makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji. Naiheshimu historia hiyo kwa moyo wote, lakini nadhani inatumiwa vibaya pale inapogeuzwa kuwa sababu ya kutouliza maswali. Makaburi ya Naliendele yanatudai hesabu ya makini kila tunapovusha vijana wengine mto.

Ugumu unaanza hapo, kwa sababu Msumbiji ya leo si ile ya enzi za ukombozi, ambapo adui alikuwa mkoloni na mwenyeji alikuwa mmoja. Uchaguzi wa Oktoba 2024, ambao Daniel Chapo wa FRELIMO alitangazwa mshindi na mpinzani wake Venâncio Mondlane akayakataa matokeo, ulifuatiwa na maandamano ya miezi kadhaa yaliyogharimu maisha ya mamia ya watu. Askari wa kigeni anayekaa katika nchi yenye mpasuko wa aina hiyo, kwa mwaliko wa serikali inayopingwa na sehemu kubwa ya vijana wake, anaweza kuonekana mlinzi wa watawala hata kama hajawahi kuigusa siasa. Katika Cabo Delgado hatari hiyo ni kubwa zaidi. Uasi ulioanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 ulipata vijana miongoni mwa watu wanaoona rubi za Montepuez na gesi ya Palma zikitajirisha wengine huku wao wakibaki maskini. Bunduki haiwezi kumaliza kinyongo hicho, na ikitumika vibaya inakizidisha. Mwanzoni mwa 2023 ilisambaa video ya askari wenye sare wakitupa maiti kwenye moto huko Cabo Delgado, na SADC ikalazimika kuahidi uchunguzi. Aibu ya tukio moja kama hilo huvipaka matope vikosi vyote vilivyoko huko.

Rwanda nayo inaongeza utata. Askari wake waliingia Cabo Delgado Julai 2021, wakashiriki kuikomboa Mocímboa da Praia mwezi uliofuata, na bado ndio nguzo ya ulinzi wa eneo la gesi. Hata hivyo, mashariki mwa Kongo askari wetu walipelekwa kupambana na M23, kundi la waasi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema linasaidiwa na Rwanda. Kushirikiana Palma baada ya kutazamana kwa mashaka Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo, ni hali inayohitaji diplomasia makini sana.

Nikipima yote hayo, naona askari wabaki, lakini wabaki Nangade na ukanda wa mto, wasivutwe kusini kufuata kila shambulio. Mashambulizi ya Julai 2025 katika wilaya ya Chiúre, kusini mwa Cabo Delgado, yaliyofukuza makumi ya maelfu ya watu makwao, yanaonyesha jinsi wapiganaji wanavyohama. Jeshi likiwafuata kila wanakohamia, litajikuta likiendesha vita ya Msumbiji yote. Makubaliano nayo yawe na tarehe ya kupitiwa upya, na Bunge lielezwe. Ibara ya 44 ya Katiba inaeleza jinsi tangazo la hali ya vita linavyofikishwa bungeni, lakini hapa hakuna vita iliyotangazwa, hivyo askari wanaweza kukaa miaka bila wawakilishi wa wananchi kuulizwa lolote.

Sharti la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika kwamba maelfu ya Wasumbiji waliokimbilia kwetu walirudishwa kwa nguvu kupitia kituo cha mpakani cha Negomano, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, na kati yao wamo watu wenye ndugu na wakwe Newala na Mtwara. Kama askari wetu wako Nangade kuwalinda watu hao, basi mtu anayevuka Ruvuma akikimbia risasi apokewe, aandikishwe na kuhojiwa kwa utaratibu, na asirudishwe alikotoka kabla ya kusikilizwa.