Tisa za wenzako, moja yako

Kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, ametengeneza gemu ya simu kuhusu uvuvi wa dagaa. Unatoka usiku, unawasha taa, unasubiri dagaa wapande, kisha unaamua lini uinue wavu. Ukichelewa, migebuka wanaingia na kukutawanyia kila kitu. Mwezi ukianza kung'aa mapato yanashuka, na ukijaa kabisa gemu inakurudisha nchi kavu kushona nyavu, kama ilivyo kweli ziwani. Sehemu kubwa aliiandika mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, chombo cha mjomba wake kikiwa kimelala mchangani naye hana kazi. Alitumia Godot, programu ya bure ya kutengenezea gemu, kwenye kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa.

Kazi ilipokamilika akajiunga na jukwaa moja kubwa la kimataifa la wapenda gemu. Akaweka picha tatu, linki na sentensi mbili za Kiingereza. Chai yake haijapoa, uzi, yaani andiko lake hilo, umefutwa. Akadhani ni mtandao unasumbua, akauweka tena. Akala bani, akafungiwa nje.

Watu niliowasimulia wengi wamenijibu kwamba alijitakia, angesoma kwanza sheria ya jukwaa kuhusu kujinadi. Hoja yao si nyepesi, na niiseme inavyostahili. Steam peke yake, ambako huuzwa gemu za kompyuta, ilipokea gemu mpya zaidi ya 18,000 mwaka 2024. Gawanya kwa siku za mwaka: karibu 50 kila siku, na hapo hujagusa za simu. Kila mwenye gemu akija kunadi mara moja tu, wenyeji hawana pa kukaa. Na wanaofuta nyuzi hizo kwa kawaida ni watu wa kujitolea, wanaifanya kazi hiyo baada ya kazi zao, bila senti.

Sisi wenyewe tunalijua hili. Nipo kwenye grupu la WhatsApp la watu wa kwetu walioko Dar na kwingineko, lililofunguliwa kwa ajili ya misiba na harusi. Mtu akaanza kwa kutangaza kiwanja, tukanyamaza kwa heshima. Ikafuata mikopo, zikafuata dawa za nguvu za kiume. Tukaanza kulizima sauti mmoja mmoja, mpaka mzee wetu mmoja alipofariki, wengine tukazipata habari baada ya maziko. Admini alipopiga marufuku matangazo sikuwa na la kubisha.

Kwa hiyo sheria iwepo. Ninachobishana nacho ni kipimo chake. Reddit, mtandao wa majukwaa ya mazungumzo ulioanza mwaka 2005, uliwahi kuwapa watumiaji wake mwongozo kwamba mambo yako mwenyewe yasizidi sehemu 1 ya 10 ya unachoweka. Majukwaa mengi yameushika, mengine kwa roho yake, mengine kwa kuhesabu kabisa: changia mara tisa mambo ya wenzako, ndipo uje na lako. Inasikika kama adabu ya kawaida. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, jembe likaja ya tatu. Huku jembe unakabidhiwa mlangoni, lakini sawa, kila nyumba na taratibu zake.

Tatizo linaanza ukikaa na daftari. Gemu ndogo ina mambo yasiyopungua matano ya kutangaza: kwamba inatengenezwa, kwamba toleo la majaribio liko wazi, kwamba video yake imetoka, siku yenyewe ya kutoka, na marekebisho makubwa baada ya watu kulalamika. Tano mara tisa ni michango 45. Na jukwaa moja halitoshi. Weka matatu tu, la watengenezaji, la wachezaji wa simu, la wapenda gemu za uvuvi (lipo, nami nilishangaa). Tunafika 135.

Jioni moja nilikaa naye tukapima mchango mmoja wa heshima, sio wa kusema "nzuri sana" ukapita. Kuusoma uzi mpaka uuelewe, kufungua video inayozungumziwa, kutafuta una nini cha kuongeza, kukiandika kwa Kiingereza, kukipitisha kwenye programu ya kutafsiri usije ukachekwa. Dakika 25. Zidisha kwa 135, unapata saa 56 na robo. Saa hizo zote ni za usiku, maana mchana anabeba na kuanika dagaa Kibirizi. Na ni saa za bando. Nyuzi hizi zimejaa video zinazojichezesha zenyewe unapopita. Tulianza na bando la buku, na kabla hatujamaliza mchango wa pili ujumbe ukaingia kwamba limekwisha.

Hapa ndipo naona watu wanamkosea huyu kijana. Sheria ya tisa kwa moja ilikusudiwa kupima mapenzi: je, wewe ni mwenzetu, au umekuja kuuza tu? Lakini inachopima ni muda na bando. Mwenye intaneti ya mwezi mzima nyumbani, anayeongea Kiingereza tangu utotoni, anazilipa zile tisa akiwa kwenye kochi na hajui kama amelipa. Kwake ni starehe ya jioni. Wa huku Kigoma, mwisho wa reli, analipa fedha taslimu, kisha anaambiwa hana moyo wa ujamaa.

Isitoshe, kipimo cha kuhesabu kinazaa takataka ileile kinayoikimbia. Nenda kwenye jukwaa lolote linalohesabu, utakuta akaunti zimegawa "hongera" na "kazi safi" tisa mfululizo, ya kumi ni linki. Mjanja amepita mlangoni. Mshamba aliyekuja na kitu chake mkononi, akakisema wazi, ndiye yuko nje.

Walinzi wa sheria wanapenda kunikumbusha gemu ya Minecraft. Mei 2009 mtengenezaji wake, Markus Persson, alilitangaza toleo la awali kwenye TIGSource, jukwaa la watengenezaji wa gemu, wenzake wakalijaribu na kumwambia kasoro, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Wanasema: alikuwa miongoni mwa watu wake. Ni kweli. Lakini tazama alichofanya siku ile. Aliweka kitu chake mwenyewe, hakijakamilika, akaomba watu wakicheze. Pale palikuwa na mahali pa kufanya hivyo. Nitaambiwa hata leo mahali papo, zile nyuzi za mara moja kwa wiki ambamo kila mtu anaruhusiwa kunadi. Nimezipitia. Ni wachuuzi wa dagaa wamekaa duara wanauziana dagaa.

Kuna pia wanaosema alipie tangazo kama wafanyabiashara wengine. Amekwisha kulipa dola 25 za kujisajili Google Play, na kuzipata kulichukua muda. Tuliache hilo.

Na nyumbani je? Alianza nyumbani. Aliweka linki kwenye grupu la mtaani kwao, na swali la kwanza kurudi lilikuwa kama ni ya kubeti. La pili, kama ukiibonyeza haihamishi salio. Siwalaumu. Neno "gemu" limechezewa sana hapa kwetu, na linki za utapeli ni nyingi kuliko za kweli.

Laiti ningekuwa modi, msimamizi wa jukwaa, ningempa kila mgeni uzi mmoja wa bure, wa kwanza, ukae siku nzima. Watu waupandishe au wauzike wenyewe. Hesabu ya tisa ianzie hapo. Kuna hatari kwamba matapeli watafungua akaunti mpya kila asubuhi, nalikubali hilo, ila matapeli wanafungua akaunti mpya kila asubuhi hata sasa.

Kijana naye ana lawama yake, na nilimwambia. Kuweka uzi uleule mara mbili lilikuwa kosa. Kubwa zaidi ni zile sentensi mbili: zilisema gemu ni nzuri na ni ya bure. Hazikugusa mwezi. Kitu pekee ambacho mtu wa London hajawahi kukiona kwenye gemu yoyote, kwamba mwanga wa mbalamwezi unakufukuza kazini, yeye alikiona cha kawaida mno kukiandika.

Sasa yuko kwenye jukwaa jingine, dogo zaidi. Amechora mistari nyuma ya daftari la hesabu za dagaa, kila mchango alama moja. Juzi mwezi ulikuwa umejaa, vyombo vyote vimefungwa Kibirizi, akanunua bando akakesha. Alama zilifika 17, na moja kati ya hizo ni maelezo marefu aliyomwandikia mtu asiyemjua, aliyeuliza kwa nini wavuvi wa ziwa fulani Afrika hupumzika mwezi ukiwa mkubwa. Linki hakuweka.