Uingereza mnene ni mtoto wa maskini, Mwanza ni mtoto wa mwenye gari

Huku England mtoto akianza shule ya msingi anapimwa uzito na urefu, na akifika darasa la mwisho, ana miaka 10 au 11, anapimwa tena. Utaratibu huu ulianza mwaka wa masomo wa 2005/06. Maeneo mengi majibu hutumwa nyumbani kwa barua, na wazazi wengi hawaipendi barua hiyo. Jirani yangu aliichana mbele yangu akisema mwanawe ana mifupa mizito tu.

Lakini kwa kupima huko tunajua jambo la kutisha. Wanaoanza shule wakiwa na unene uliopitiliza ni kama mmoja kati ya 10. Wanaomaliza ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Na mitaa ya maskini ina watoto hao mara mbili na zaidi ya mitaa ya matajiri. Mimi naishi kwenye mitaa hiyo ya kwanza, sihitaji kuelezwa sababu. Mama yuko zamu ya usiku, nyumba haina uwanja, na kuku wa kukaanga na chipsi hapo kona anashinda samaki na mboga kwa bei.

Mwanza mambo yamepinduka. Mtoto wa Mabatini au Igogo anapanda mlima wa mawe kila siku kurudi kwao, mara nyingine na ndoo kichwani, na akifika anakuta ugali na dagaa. Shida yake ni kinyume: udumavu bado upo, na sitaki mtu aseme nimeusahau. Anayenenepa ni yule anayechukuliwa na basi la shule kabla hapajapambazuka, akashinda kwenye kiti, akarudishwa jioni na kukalishwa mbele ya katuni na homuweki. Wikiendi zawadi yake ni chipsi mayai na soda. Shangazi wanamfinya mashavu: "Kanawiri huyu, baba yake anajiweza!"

Soda moja ya kola ya chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai kama vinane, gramu 30 na kitu. Huku wataalamu wa afya wanashauri mtoto wa miaka 7 hadi 10 asizidishe gramu 24 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Yaani chupa moja imeshavuka mpaka, na bado hatujagusa chai ya asubuhi, ambayo kwetu bila vijiko vitatu mtu anauliza kama duka limefungwa. Tangu Aprili 2018 Uingereza inatoza kodi vinywaji kulingana na sukari iliyomo, na kampuni nyingi zikapunguza sukari zenyewe ili kuikwepa.

Mashavu hayo yana gharama. Mafuta yanajaa kwenye ini, presha inapanda, magoti na nyonga zinauma. Mtoto anakoroma usiku, pumzi inakatika usingizini, halafu darasani anasinzia na mwalimu anamwita mvivu. Kisukari cha aina ya pili, tulichozoea kukiita cha wazee, huku kinapatikana kwa watoto. Na wengi wanaobalehe na unene huo wanauingiza utu uzima.

Sisemi muwapeleke ziwani wakaogelee. Kichocho kipo, na mamba pia. Ila kwetu kliniki tunajaza kadi ya mtoto mpaka miaka mitano, tena tukiogopa asipungue, halafu mizani inasahaulika kabisa. Hizo shule zenye mabasi zinatoza ada ya kompyuta, ya mahafali, ya safari ya Serengeti. Wazazi mnaokaa kwenye vikao vyake mwezi ujao, ulizeni mizani iko wapi, na uwanja wa mpira uliojengwa madarasa umehamishiwa wapi.