Mvuvi wa dagaa na tarehe ya kliniki

Muulize mhudumu wa CTC, yaani kliniki ya matibabu ya VVU, kanda ya ziwa ni akina nani wanaomsumbua kwa utoro wa dawa. Wavuvi hawatakosa kwenye orodha, na sababu atakazokupa unazijua: pombe, starehe za mwaloni wanakoshushia samaki, kuhamahama, na kujiona mzima baada ya miezi michache ya kumeza ARV. Sidhani kama anawasingizia. Pesa ya ziwa huja kwa mkupuo na huondoka vivyo hivyo. Hata nje ya mialo, hatujasahau mwaka 2011, kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu wa Loliondo kwa shilingi 500, na wagonjwa waliorudi kutoka kijijini kwake Samunge wakaacha dawa. Hayo hayatibiwi kwa kubadilisha ratiba ya kliniki. Na mhudumu anapokuwa mkali ana haki: dawa ikikatika virusi hupanda, na aliyekuwa hawezi kumwambukiza mwenzi wake anaanza tena kuweza.

Lakini hebu tuangalie kazi yenyewe.

Dagaa huvuliwa gizani. Taa, zamani karabai na siku hizi za sola, ndizo zinazowavuta. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, mitumbwi hupaki, watu hushona nyavu au hurudi makwao. Siku hizo mvuvi ana nafasi ya kwenda popote, hata kliniki. Giza likirudi, anatoka jioni na kurudi alfajiri, na asubuhi ya foleni hana. Akikosa usiku mmoja amekosa mgawo wake, na tajiri ana vijana wengine wanaosubiri nafasi mtumbwini. Halafu aombe ruhusa kwa sababu gani? Akiondoka kila baada ya kipindi kilekile, kambi nzima itajua amekanyaga miwaya, yaani ana VVU.

Sasa piga hesabu, maana hapa ndipo ninapoona anaonewa. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu. Kliniki ina siku zake za wiki, kwa hiyo tarehe ya miezi mitatu ikipangwa kwa wiki 12, ni siku 84. Miandamo mitatu ni siku 88 na ushee. Aliyeanza siku ya mbalamwezi, tarehe yake ya kwanza ya kurudi itaitangulia mbalamwezi kwa siku nne au tano, ya pili kwa siku tisa, na ya tatu itaangukia giza totoro, wakati ziwa linalipa. Hajabadilisha tabia wala hajalewa, tarehe ndiyo imemhama. Na chupa ya vidonge 90 ingemfikisha kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi ya tatu, kidonge kikabaki.

Kinachofuata ndicho kibaya zaidi. Dawa za miezi sita hupewa mteja aliye imara: virusi vimefubaa, yaani dawa imevishusha hadi kiwango cha chini kabisa, na hakosi kliniki. Anayekosa hurudishwa kwenye mwezi mmoja mmoja ili afuatiliwe kwa karibu. Kwa hiyo mwalimu wa Ilemela, ambaye kliniki iko hatua chache za bodaboda, anakwenda mara mbili kwa mwaka, na kijana aliyeko kisiwa cha Goziba leo na cha Kome mwezi ujao anatakiwa aende mara 12. Naelewa nia. Mtu ambaye virusi vyake viko juu huwezi kumpa furushi la miezi sita ukamwacha aende zake. Anahitaji ushauri na kipimo cha kurudia. Ila yule ambaye kipimo kinasema amefubaa, na kosa lake ni tarehe mbili za gizani, anaadhibiwa kwa kalenda wakati damu yake inamtetea.

Hata dawa zenyewe zamani hazikumfaa. Kabla ya dolutegravir, dawa iliyo kwenye kidonge cha sasa, kuanza kutumika nchini mwaka 2019, wengi walikuwa kwenye efavirenz, dawa ya zamani yenye kizunguzungu na ndoto za ajabu, na ushauri ulikuwa imezwe wakati wa kulala. Mtu anayelala mchana na kuvuta nyavu usiku aliumezaje ushauri huo? Kidonge cha sasa unaweza kukinywa asubuhi ukirudi mwaloni, uwe umekula au hujala, bora saa iwe ileile. Bado wapo wanaoamini ni lazima kiwe cha usiku, na hilo la kueleza ni la kliniki.

Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaotumia dawa, zaidi ya asilimia 94 virusi vyao vimefubaa. Dawa inafanya kazi. (Utafiti huo ulipita kaya kwa kaya, na kambi ya wavuvi si kaya.)

Kuna wanaosema suluhisho ni boti za dawa visiwani. Sawa, ila zinataka mafuta na posho, na baada ya misaada ya Marekani kutikisika Januari 2025 sioni pa kuegemea. Ninachopendekeza mimi ni kupanga tarehe za wavuvi kwa mwezi mwandamo badala ya wiki, na hilo halihitaji mfadhili. Kuna gharama yake: wavuvi wote watajazana wiki moja, na muuguzi wa kituo kidogo cha kisiwa cha Ukara atalalamika kwa haki. Lakini wiki hiyo inajulikana mwaka mzima kabla. WAVIU washauri, yaani wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, wanaweza kupangwa, chupa zikahesabiwa mapema, na anayekuja kuchukua tu akahudumiwa dirishani bila kukaa benchi na wanaosubiri kupimwa.