Boti Ni Yenu kwa Nusu Siku: Msivue Pale Mtakapoogelea

Kukodi boti ya peke yenu kwa nusu siku, mkavue kidogo kisha mkaogelee juu ya matumbawe kwa miwani na mrija, ni matembezi ninayoyapenda na kuyatetea. Ninayatetea kwa sharti moja tu: mahali mtakapoogelea, msitie ndoano.

Wengi wakisikia sharti hili hufikiria usalama: ndoano isimchome mtu, mshipi usimzonge mwogeleaji miguuni. Hayo yamo. Lakini mimi nauwazia zaidi mwamba wenyewe. Kwenye boti ya watu wengi ratiba imeshapangwa na abiria ni mpanda tu. Boti ikiwa yenu peke yenu, mwenye kauli ni ninyi. Mkimwambia nahodha awashushie mishipi juu ya matumbawe yale yale mtakayoyatazama nusu saa baadaye, wengi watakubali, kwa kuwa hapo samaki hushika haraka na mgeni anaridhika. Mkimwambia tangu mapema kwamba mnataka kuvua nje, kwenye maji marefu, atawapeleka huko. Uamuzi wenu wa dakika moja pale mnapokodi ndio unaoamua mwamba ule utapoteza nini siku hiyo.

Samaki wa mwamba ni wakazi. Chewa mkubwa unayemwona amejibanza chini ya jabali leo, yaelekea mwezi uliopita alikuwa hapo hapo, na akitolewa nafasi yake haijazwi kesho. Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, na baadhi tu ya wale wanaofikia ukubwa ndio hugeuka madume. Kwa hiyo anayewatoa wakubwa wiki baada ya wiki ili wageni wapige picha anauondolea mwamba madume yake. Matumbawe yanafunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, ilhali karibu robo ya aina za viumbe wa baharini wanaojulikana huyategemea katika kipindi fulani cha maisha yao. Eneo dogo hivyo halistahili kuwa mahali pa kujaribia mshipi.

Halafu kuna pono. Huyu ndiye samaki nitakayemtetea mbele ya nahodha yeyote. Ukiwa umelala juu ya maji, masikio yakiwa ndani, utamsikia kabla hujamwona: kru, kru, kru, mdomo mgumu unakwangua mwani juu ya mawe. Mwani usipokwanguliwa hutanda na kuyanyima matumbawe machanga pa kushika. Kile anachokwangua pamoja na mwani hutoka upande wa pili kikiwa mchanga, na pono mkubwa wa aina fulani hutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Katika Bahari ya Karibi walijifunza thamani yake kwa gharama kubwa. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliwaua karibu wote wale wanyama weusi wenye miiba mirefu ambao nao hula mwani, na kazi ya kuusafisha mwamba ikabaki zaidi kwa samaki. Belize ilipiga marufuku kuvua pono na kangaja, samaki mwingine mla mwani, mwaka 2009, na kisiwa cha Bonaire kikamlinda pono mwaka 2010. Pono akipandishwa botini akiwa na rangi zake zote za buluu na kijani anavutia kweli. Chini ya maji anavutia zaidi, na anafanya kazi.

Haya yote yangekuwa mepesi kama matumbawe yangekuwa na afya. Hayana. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu kwa wiki kadhaa, matumbawe huanza kuwatoa viumbe wadogo mno wanaoishi ndani yake na kuyalisha, yakapauka na kuwa meupe. Mpauko mkubwa wa dunia nzima ulishuhudiwa mwaka 1998, ukarudi 2010, kisha 2014 hadi 2017, na ule wa nne, ulioanza 2023, ukatangazwa Aprili 2024. Joto la bahari halizuiliki kutoka kwenye boti ya kukodi. Kinachowezekana kutoka botini ni kuuachia mwamba samaki wanaousaidia kupona.

Kwa hiyo mkavue wapi? Nje, kupita ukingo wa mwamba, kwenye samaki wasafiri. Hapo ndipo uvuvi wa boti ndogo unaponoga hasa: kurambaza, mishipi ikiburura chambo bandia nyuma ya boti inayokwenda mwendo wa wastani, macho yote juu ya maji yakitafuta ndege wanaochupia. Ndege wakichupia mahali pamoja, chini kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna mkubwa anayewasukuma juu. Anaweza kuwa jodari mdogo, nguru au kolekole. Anaweza kuwa fulusi, yule wa dhahabu na kijani ambaye rangi humtoka mbele ya macho yako anapokufa. Fulusi hukua upesi ajabu. Hukomaa kabla ya kutimiza mwaka, na ni wachache wanaopitisha miaka minne. Kumchukua mmoja wa kwenda kula ni jambo tofauti kabisa na kumchukua chewa aliyechukua miaka mingi kufikia ukubwa ule. Sisemi bahari ya nje haina mwisho. Nasema nusu saa ya mishipi miwili mitatu huko inaacha jeraha dogo kuliko nusu saa hiyo hiyo juu ya mwamba.

Najua jibu linalofuata: “Sisi tunamvua na kumwachilia.” Kwa samaki wa juujuu, sawa, mkitumia ndoano ya mviringo inayoshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa, na mkimtoa bila kumwinua nje ya maji kwa muda mrefu. Kwa samaki wa mwamba aliyetoka kina kirefu, kumwachilia mara nyingi ni jina tu. Katika kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, hivyo hewa iliyo katika kibofu chake cha kuelea hutanuka mara nne anapovutwa. Unamwona anafika juu macho yametokeza na kitu kama puto kimejaa mdomoni. Wapo wanaolitoboa lile puto kwa kisu wakidhani wanamsaidia, kumbe ni tumbo lake lililosukumwa nje. Ukimrudisha anaelea ubavu, na ndege wanammaliza. Vipo vifaa vya kumshusha tena hadi chini akiwa amebanwa taya, navyo husaidia kweli, lakini ni boti chache za kukodi zinazovibeba.

Na kama mnataka samaki wa kula, sababu nyingine ya kuwaacha wakubwa wa mwamba ni sumu. Katika bahari za joto kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa. Sumu yake hupanda kutoka kwa samaki wanaokula mwani hadi kwa wawindaji kama mzia na chewa wakubwa. Haina harufu wala ladha. Kupika hakuiondoi, wala barafu.

Sasa saa ya kuondoka, jambo ambalo naona watu hulipuuza kuliko yote. Wanachagua tarehe kwa likizo yao na saa kwa usingizi wao, kisha wanalaumu maji kuwa machafu. Uvuvi na kuogelea vinataka bahari mbili tofauti. Samaki hula vizuri maji yanapotembea, kwa sababu mkondo unawaletea chakula. Mwogeleaji anataka maji yaliyosimama na kung’aa, ili asisukumwe na aone mbali. Uzuri ni kwamba katika sehemu nyingi za dunia maji hujaa kwa saa sita hivi, husimama kidogo, kisha hupwa kwa saa sita nyingine. Nusu siku ya saa nne au tano inaingia humo vizuri: mnavua nje maji yakijaa, mnafika mwambani yanapokaribia kusimama, mnaogelea katika maji safi yaliyoingia kutoka baharini. Mkichelewa, maji yanaanza kutoka yakibeba tope na taka za ufukweni kuja juu ya matumbawe, na mkondo unawavuta waogeleaji kuelekea nje. Pale ambapo maji hujaa mara moja tu kwa siku hesabu inabadilika, na nahodha wa hapo ataijua.

Maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku. Maana yake ni kwamba safari isiyofaa Jumatatu inaweza kufaa kabisa Alhamisi, maana ndani ya siku tatu kilele cha maji kimesogea kwa karibu saa mbili na nusu. Mimi hutafuta siku ambayo maji yanafika kilele kati ya saa nne na saa tano asubuhi, nikaondoka alfajiri. Jua likiwa limepanda, mwanga unashuka wima na rangi za chini zinaonekana. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea majini, hivyo mwambani mita chache za kina na jua la kutosha vinazidi miwani ya bei yoyote. Mkiwa na watoto au watu wasio wazoefu, epukeni siku za bamvua, wakati mwezi ni mchanga au mpevu, kwani mkondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu ni za upole zaidi.

Kuanza na uvuvi kuna sababu nyingine. Upepo wa baharini kwa kawaida huamka kadiri nchi kavu inavyopata joto, kwa hiyo asubuhi ndiyo wakati wa kuwa nje, na upepo ukiinuka mnakuwa mmesharudi ndani ya kinga ya mwamba. Anayelewa na bahari naye anajua kwamba sehemu ngumu imepita. Lakini nguvu za mwili ziwekwe akiba. Aliyesimama juani saa mbili akivuta mshipi bila kunywa maji hafai kuruka majini mara moja. Akae kivulini, anywe, apumue.

Mkishafika mwambani, ulizeni kabla ya nanga kuanguka. Tumbawe lenye umbo la jabali hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Lenye kimo cha mita 1 lina umri wa karne moja hivi, na mnyororo wa nanga hulivunja kwa sekunde chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Florida, mwanabiolojia John Halas alianzisha maboya yaliyofungwa kwenye nguzo zilizopachikwa ndani ya mwamba, boti zifungwe hapo bila kutia nanga, na mtindo huo umeenea duniani. Kama boya lipo, fungeni hapo. Kama halipo, nanga ikae mchangani, au boti ifuate waogeleaji taratibu kutoka mbali huku wakianzia upande mkondo unakotoka.

Boti inapofuata watu, injini inazimwa kila mmoja wao anapoisogelea. Rafadha haimjui mtu. Na hapa kuna kasoro ya safari hizi za mchanganyiko ambayo ningependa kila mkodishaji aikomeshe: wageni wako majini, msaidizi wa nahodha ameinama nyuma ya boti anapasua samaki waliovuliwa. Damu na matumbo vinaingia majini pale pale watu wanapoelea, na jicho lililopaswa kuwatazama liko kwenye kisu. Samaki wawekwe kwenye barafu, wasafishwe mkirudi. Msaidizi awe na kazi moja tu, kuhesabu vichwa. Huko Hawaii, kuogelea kwa mrija ndiyo shughuli inayoongoza miongoni mwa wageni wanaokufa maji baharini, na mara nyingi mtu wa namna hiyo hapigi kelele wala hapungi mkono. Anatulia tu, uso chini, kama anayetazama samaki. Kwa sababu hiyo ogeleeni wawili wawili, na asiye hodari avae jaketi la kuokolea bila kuona haya.

Kuhusu mafuta ya kukinga jua, nchi ya visiwa ya Palau ilizuia yenye kemikali zinazodhaniwa kuyadhuru matumbawe mwaka 2020, na Hawaii ikazuia uuzaji wa mawili ya viambato hivyo mwaka 2021. Fulana ya mikono mirefu inafunika mgongo kuliko mafuta yoyote, na haiyeyuki majini.

Saa zikibana, na mara nyingi zitabana, amueni mapema mtaacha nini. Upepo ukiwahi kuinuka, achaneni na uvuvi, mwende moja kwa moja ndani ya mwamba. Maji yakiwa na tope, achaneni na kuogelea, mbaki nje na mishipi yenu. Ila isitokee kwamba mmekaa nje bila samaki hata mmoja, mkamwomba nahodha dakika kumi zaidi, kisha kumi nyingine, mpaka maji yasimame na kuanza kutoka mkiwa bado mnasubiri mshipi ukazwe. Wakati mliokubaliana ukifika, chambo kipande botini kama hakijaguswa, na mkavae miwani.