Anayeshambulia kwenye baiskeli ana hesabu zake

Oktoba 2024, kwenye mashindano ya dunia ya Ironman, triathloni ndefu ya kuogelea, kuendesha baiskeli kisha kukimbia marathoni, kule Kona, Hawaii, Mfaransa Sam Laidlow alimaliza kilomita 180 za baiskeli kwa saa 3:57:22. Hakuna aliyewahi kuipita barabara ile kwa kasi hiyo. Kisha ikaja marathoni, akakata moto, wakampita mmoja baada ya mwingine hadi akamaliza wa 18. Mjerumani Patrick Lange, ambaye kwenye baiskeli alitulia na kumwacha aende zake, alitwaa ubingwa kwa 7:35:53, rekodi mpya ya Kona.

Hukumu haikuchelewa: kijana hana subira, anaendesha kwa sifa, hajui kwamba triathloni humalizikia miguuni. Hukumu hii huwa tayari kila anayetangulia anapokwama, na hutolewa na watu ambao mwaka uliotangulia walikuwa kimya kabisa.

Tuanze na haki ya upande wa subira, maana wanayo. Upepo haukuongezei mzigo kidogo kidogo: ukiongeza kasi kwa asilimia 10 barabara tambarare, nguvu unayohitaji hupanda kwa karibu theluthi nzima. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ina kikomo, na anayeitumia ovyo kwenye baiskeli atatembea kwenye marathoni. Lange amechukua mataji matatu, 2017, 2018 na 2024, na miguu yake ya kukimbia ndiyo silaha iliyompa yote. Anayekimbia kama Lange hana sababu ya kuhangaika mapema.

Lakini si kila mtu ni Lange, na hapo ndipo ushauri wa subira unapoanza kuyumba.

Tazama mwaka 2023, ambapo wanaume walishindania Nice, Ufaransa, na wanawake wakabaki Kona. Nice, Lange alikimbia marathoni kwa 2:32:41. Laidlow alitumia 2:41:46. Dakika tisa za tofauti, na bado Laidlow ndiye aliyeshinda, akimwacha Lange nyuma kwa karibu dakika nne. Kona, Mjerumani Anne Haug alikimbia 2:48:23, marathoni ya kasi kuliko zote ambazo mwanamke alikuwa amekimbia pale, na akashindwa na Lucy Charles-Barclay wa Uingereza aliyeongoza tangu majini hadi utepe. Mataji mawili ya dunia mwaka mmoja, na kote kuwili mkimbiaji hodari akapokea medali ya pili. Sijaona aliyesema baada ya hapo kwamba Lange na Haug walizembea kwenye baiskeli. Tulisema wamekimbia vizuri ajabu, tukapiga makofi. Anayeshambulia akishindwa huitwa mjinga. Anayesubiri akishindwa huitwa mwenye bahati mbaya.

Charles-Barclay, tukumbuke, alikuwa ameshika nafasi ya pili Kona mara nne kabla ya siku hiyo: 2017, 2018, 2019 na 2022. Mara zote hizo alishauriwa na kila mwenye mdomo abadili mbinu. Hakubadili. Aliboresha mbio zake, akaendelea kutoka mbele.

Na hata 2022, mwaka ambao Laidlow "alishindwa" Kona, kipime kipigo chenyewe. Alikuwa na miaka 23. Akavunja rekodi ya baiskeli kwa 4:04:36, na Gustav Iden wa Norway hakumfikia ila zikiwa zimebaki kilomita chache. Laidlow alimaliza wa pili kwa 7:42:24. Rekodi ya mashindano iliyokuwapo asubuhi ile ilikuwa ya Jan Frodeno, 7:51:13. Maana yake, aliyedaiwa kujimaliza kwenye baiskeli aliipita rekodi ya zamani kwa karibu dakika tisa. Angekaa na kundi, angefika mwanzo wa marathoni bega kwa bega na mtu aliyekimbia siku hiyo 2:36:15, wakati yeye mwenyewe alikimbia zaidi ya 2:44. Hata tukimpa dakika tatu nne za nafuu kwa miguu iliyopumzika, Iden angemwacha mapema tu.

Sheria inakataza kujikinga upepo nyuma ya mwenzako, lakini umbali wa mita 12 uliotakiwa kwenye mashindano haya ya karibuni haukumaliza faida yote. Wanaume kumi wakipangana kwa mstari, wa sita anapata nafuu ambayo wa kwanza haioni. Baiskeli ikienda kwa utulivu, mkimbiaji mzuri anafikishwa kwenye marathoni kwa bei rahisi. Anayeshambulia anawalazimisha wote walipe nauli. Norman Stadler alifanya hivyo Kona 2006: akaendesha 4:18:23, rekodi ya wakati huo, na Chris McCormack akamfukuza kwenye marathoni yote bila kumpata. Sekunde 71 ndizo zilizobaki.

Tena shambulio la namna hii halizuki asubuhi ya mashindano. Limefanyiwa mazoezi miezi mingi, likiwemo zoezi ambalo wengi hawalioni kuwa zoezi: kulizoesha tumbo kupokea gramu 90 hadi 120 za wanga kila saa huku moyo ukienda mbio. Zamani gramu 60 zilihesabiwa kuwa nyingi. Kwa kiasi hicho kipya, hesabu ya akiba ya sukari imebadilika, na onyo la miaka ya nyuma linahitaji kupimwa upya.

Kinachonitia wasiwasi kwa upande huu si ukosefu wa sukari, ni joto. Oktoba 2025 Kona, Charles-Barclay na Mmarekani Taylor Knibb walipambana mbele, na wote wawili hawakumaliza. Knibb alisimama akiwa anaongoza, zikiwa zimebaki kilomita chache tu. Solveig Løvseth wa Norway akapita akashinda. Joto halijali miguu yako ina nguvu ya wati ngapi. Huwezi kulitatua kwa kula jeli ya sukari, na Kona hakuna kivuli. Nice kuna milima na mteremko wa kona kali, pale mshambuliaji hupata upenyo; Kona analipia zaidi. Kwa hiyo ningemlaumu Laidlow kwa kuchagua siku, pengine, si kwa mbinu.

Kwa mshiriki wa kawaida, mjadala ni mwingine kabisa. Yeye hamtoroki mtu. Akivuna dakika tano kwenye baiskeli kisha akalazimika kutembea kilomita tatu kwa dakika 10 kila moja badala ya kukimbia kwa dakika 6, amepoteza 12. Hapo wenye subira wako sahihi, wala sina ubishi.

Ila hata hapo, mwangalie mwendesha baiskeli anayejaribu Ironman 70.3, yaani nusu ya Ironman, ya Rubavu, Rwanda, mashindano yaliyoanza 2022 kando ya Ziwa Kivu. Mara nyingi kuogelea ni kwa kubahatisha na mbio zake ni za wastani. Kumwambia ajibane kwenye kilomita 90 ambazo ndizo pekee anazozijua ni kumnyang'anya alichonacho. Mita 1,460 juu ya usawa wa bahari zitampunguzia nguvu, hilo alihesabu tangu mazoezini. Kinachommaliza ni kusimama juu ya kanyagio na kurukia kila kilima ili asipitwe. Akisukuma kwa nguvu zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, na akawa anakula, hizo kilomita 90 azisukume.